Uliza Mwalimu wa Kura: Usiguse haiba ya Notley, rekebisha msingi

Ukurasa wa wanaotengeneza na kucheza michezo ya siasa kwenye kompyuta. Anayejibu ni mwalimu wa hesabu wa Buruburu, aliyewahi kuketi nyuma ya meza ya msimamizi wa kituo cha kupigia kura.

SWALI: Mwalimu, hujambo? Natengeneza senario ya uchaguzi wa jimbo la Alberta, Kanada, wa mwaka 2015. Shangazi yangu anaishi Calgary na mpaka leo akipiga simu lazima ausimulie. Nimeweka vyama vitano, viti vyote 87 na picha za viongozi. Rachel Notley wa NDP, chama cha mrengo wa kushoto, nimempa haiba 5 juu ya 5, na Jim Prentice wa PC, chama tawala wakati huo, nimempa 2. Ajabu ni kwamba kila nikiucheza Prentice anarudi na viti zaidi ya 60. Rafiki yangu anasema nimshushe Prentice hadi 0 na nimjaze Notley hela za kampeni. Nifanyeje?
*Kijana wa Umoja*

JIBU: Sijambo, kijana wangu. Mwache Prentice na 2 zake, na huyo rafiki yako mwambie apumzike. Kabla ya haiba, mchezo husoma jedwali la kura la kuanzia, na kwa matokeo unayoyapata ni wazi umenakili matokeo ya uchaguzi wa 2012 yalivyo. Mwaka huo PC ya Alison Redford ilipata karibu asilimia 44 ya kura na viti 61. Wildrose, chama kikuu cha upinzani, ikapata asilimia 34 na viti 17, Liberal viti 5, na NDP karibu asilimia 10 na viti 4. Chama cha viti 4 hakitolewi hapo na tabasamu la kiongozi. Ukimjaza hela, utapata NDP ya viti 9 yenye mabango mengi.

Kwanza funga kompyuta, uchukue daftari uandike yaliyotokea kati ya uchaguzi na uchaguzi. Redford alijiuzulu Machi 2014 katikati ya kelele za matumizi ya pesa za umma. Prentice akashika chama Septemba, na Notley akachukua NDP Oktoba. Bei ya mafuta, ambayo ndiyo roho ya Alberta, ilikuwa juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014, na kufikia Januari 2015 ilikuwa chini ya dola 50. Desemba 2014 wabunge 9 wa Wildrose, pamoja na kiongozi wao Danielle Smith, walihamia chama tawala kwa mpigo. Sisi wa hapa hatushtuki mtu akihama chama, lakini kiongozi rasmi wa upinzani kubeba kambi yake na kuipeleka serikalini, hilo hata sisi tungelijadili wiki nzima kwenye matatu. Wildrose iliyokuwa na viti 17, na wengine 3 wakiwa wameshaondoka kabla ya hapo, ikabaki na 5. Tarehe 26 Machi 2015 serikali ya Prentice ikasoma bajeti ya kupandisha kodi na ada za wananchi huku kodi ya makampuni ikibaki palepale. Tarehe 28 Machi Wildrose ikamchagua Brian Jean kuwa kiongozi. Tarehe 7 Aprili Prentice akaitisha uchaguzi, mwaka mzima kabla ya wakati uliotarajiwa, na kura zikapigwa 5 Mei.

Sasa jiulize: mchezo wako unaanza lini? Hilo lina uzito kuliko kitu kingine chochote kwenye faili lako, na barua yako haikulitaja hata kidogo. Ukianza Desemba 2014, lazima umpe mchezaji wa Wildrose nafasi ya kuwazuia wanaohama, na utahitaji matukio ya miezi mitano, mengi yakiwa bajeti na bei ya mafuta. Ukianza 7 Aprili una siku 28 tu, kila zamu siku moja, na madhara yote ya huko nyuma yanaingia kwenye namba za kuanzia. Mimi ningechagua 7 Aprili. Kampeni fupi humbana mchezaji. Hawezi kuzunguka jimbo lote, kwa hiyo analazimika kuchagua kati ya Calgary na vijijini, na hapo ndipo uamuzi wake unaanza kumuuma.

Tukubaliane basi kwamba msingi wa 2012 lazima usogezwe. Wengi hapa hukosea hesabu, kwa hiyo nivumilie kidogo nishike chaki. NDP ilitoka karibu asilimia 10 mwaka 2012 hadi asilimia 40.6 mwaka 2015. Njia ya kwanza ya uvivu ni kuzidisha kila mahali kwa 4. Edmonton-Strathcona, kiti cha Notley mwenyewe, kilikuwa kimempa zaidi ya asilimia 60 tayari. Mara 4 inakuwa 240, na fomu ya namna hiyo nadhani hata wewe unajua inaishia wapi. Njia ya pili ya uvivu ni kuongeza pointi 30 kila mahali. Kijiji cha wafugaji kilichoipa NDP asilimia 5 kinaruka hadi 35, na ghafla wachunga ng'ombe wote wamegeuka kuwa wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi.

Fanya kazi na uwiano. Chukua waliokipa chama kura dhidi ya waliokinyima. Asilimia 10 ni mmoja kwa tisa. Asilimia 40 ni wawili kwa watatu. Kutoka 1/9 hadi 2/3 umezidisha kwa 6, na 6 hiyo ndiyo unayotembea nayo kiti kwa kiti. Kijiji cha asilimia 5 ni 1 kwa 19, kinakuwa 6 kwa 19, yaani asilimia 24. Kiti cha asilimia 20 ni 1 kwa 4, kinakuwa 6 kwa 4, asilimia 60. Kiti cha asilimia 60 ni 3 kwa 2, kinakuwa 18 kwa 2, asilimia 90. Hakuna kinachovuka 100, hakuna kinachoshuka chini ya 0, na mabadiliko makubwa yanaangukia viti vya katikati, kama ilivyo kwenye uchaguzi wa kweli. Vyama vingine vifanyie vivyo hivyo, kisha rekebisha ili jumla ya kila kiti iwe 100. Jedwali la kawaida la kompyuta linaweza kuifanya kazi hii yote wewe ukinywa chai.

Ila usiweke 6 nzima tangu siku ya kwanza. Ukifanya hivyo NDP itakuwa imeshinda kabla kampeni haijaanza. Mwezi Aprili ulipoingia vyama vitatu vilikuwa bado vinakabana koo, kwa hiyo anza na 3 au 4, na hiyo iliyobaki iweke kwa wapiga kura ambao hawajaamua, wawe wengi, na waelekee zaidi kwa NDP kuliko kwingine. Mchezaji mzuri atawavuna. Mzembe atawaacha warudi PC.

Halafu gawa ramani yako mafungu matatu: mji wa Edmonton viti 19, mji wa Calgary viti 25, na kwingineko viti 43. Matokeo ya kweli yalikuwa haya. Edmonton, NDP vyote 19. Calgary, NDP 15, PC 8, Liberal 1 na Alberta Party 1. Kwingineko, Wildrose 21, NDP 20, PC 2. Jumla NDP 54, Wildrose 21, PC 10. Na sasa tazama kura zenyewe: PC asilimia 27.8, Wildrose asilimia 24.2. Chama chenye kura zaidi kilipata chini ya nusu ya viti vya mwenzake, kwa sababu PC walitapakaa nafasi ya pili kila mahali wakati Wildrose walijazana mashambani na miji midogo. Hili ukiligundua utaacha kuhangaika na haiba. Senario yako itajulikana ni ya kweli iwapo mchezaji wa PC anaweza kuongeza kura jimboni na bado akapoteza viti.

Kwa hiyo hela za kampeni zisimwagwe jimbo zima. Michezo mingi inakuruhusu kupanga kompyuta ielekeze nguvu kwa mkoa fulani. Wildrose ikikusudia kuchukua Edmonton ni upuuzi, ikataze. Na usisahau Calgary-Glenmore: usiku wa matokeo NDP na PC walifungana kwa kura 7,015 kila mmoja, na baada ya kuhesabu upya NDP ikashinda kwa kura 6. Nimewahi kukaa na maajenti saa nane usiku wakigombania karatasi moja yenye alama iliyopinda, kwa hiyo naijua harufu ya chumba kile. Kiti kama hicho kwenye mchezo kiwe na bahati nasibu ya kutosha kiende huku au kule kila ukicheza.

Mdahalo wa viongozi ulikuwa 23 Aprili. Humo Prentice alimwambia Notley kwamba anajua hesabu ni ngumu. Mwanamume akimwambia mwanamke maneno hayo mbele ya kamera, anaomba apigwe, na mimi niliyefundisha wasichana hesabu miaka yote hii sina huruma naye. Lakini kama mtengenezaji usiliandike kama tukio la lazima. Lipe uwezekano, tuseme moja kwa tatu, na uwezekano huo upande ikiwa mchezaji wa PC hakujiandaa kwa mdahalo. Anayejiandaa apate haki ya kukwepa mtego ambao Prentice aliingia.

Kura za maoni nazo zitie makosa makusudi. Mwaka 2012 zilitabiri Wildrose wataingia, na PC wakashinda kwa pointi 10. Ndiyo maana mwaka 2015, NDP ilipoonekana inaongoza, watu wengi walikataa kuamini. Mpe mchezaji wasiwasi huohuo: kura ya maoni ipotee pointi kadhaa huku au kule, na asijue ni upande gani.

Ukimaliza, washa mchezo ujicheze wenyewe usiku kucha, kompyuta dhidi ya kompyuta, na uandike matokeo asubuhi. Chomeka betri, kwa sababu umeme wa Umoja unaujua. NDP ikishinda kila mara, umeandika historia na mchezaji hana kazi. Isiposhinda kamwe, rudi kwenye uwiano. Ningependa ishinde nusu ya mara au zaidi kidogo, na mara chache chache atokee mshangao wa Wildrose kuunda serikali. Chama kilichotawala tangu 1971 kiruhusiwe pia kuponea chupuchupu siku mojamoja, maana wanaokicheza nao wanataka sababu ya kufungua kompyuta.

SWALI: Mwalimu, mimi ndio naanza. Sijawahi kutengeneza hata ramani. Nianze na jimbo gani la Kanada bila kuumia?
*Binti wa Donholm*

JIBU: Prince Edward Island, mwanangu. Ni kisiwa chenye watu wasiofika laki mbili na viti 27 tu, utamaliza jedwali wikendi moja. Lakini usichague mwaka 2000, kwa sababu PC walichukua viti 26 kati ya 27 na huyo mmoja wa Liberal atachosha anayemcheza. New Brunswick 1987 ni mbaya zaidi: Liberal ya Frank McKenna ilizoa viti vyote 58, kukawa hakuna wa kuuliza swali bungeni. Ukitaka utamu wa hesabu baada ya hapo, nenda Quebec 1998. Liberal ya Jean Charest iliishinda PQ ya Lucien Bouchard, chama kinachotaka Quebec ijitenge, kwa kura, asilimia 43.5 kwa 42.9, na bado PQ ikaunda serikali kwa viti 76 dhidi ya 48.

SWALI: Dada Mwalimu, mbona Kanada kila siku? Nataka kutengeneza ugavana wa Nairobi 2022. Nina matokeo, nina ramani. Swali langu ni kabila. Wenzangu wanataka kila eneobunge liwe na kipimo cha kabila, kwamba bila hicho mchezo hautakuwa wa kweli. Wewe unasemaje?
*Wa Kariobangi Kusini*

JIBU: Ndugu yangu, nasema usiweke, na sababu yangu ni ya hesabu kabla ya kuwa ya adabu. Matokeo ya uchaguzi uliopita katika kila eneobunge tayari yamebeba ndani yake kila kitu kilichowafanya watu wapige kura walivyopiga: kabila, kodi ya nyumba, kanisa, mgombea anayejulikana mtaani, yote. Ukiongeza kipimo cha kabila juu yake unakihesabu kitu kilekile mara ya pili, kama mama ntilie anayekutoza chapati na halafu anakutoza unga.

Isitoshe, 9 Agosti 2022 yenyewe inakukanusha. Siku hiyohiyo, foleni ileile, wapiga kura wa Nairobi walimpa Raila Odinga kura nyingi za urais kuliko William Ruto. Wakampa Edwin Sifuna wa ODM, chama cha Raila, useneta, na Esther Passaris wa ODM uwakilishi wa wanawake. Kisha kwenye karatasi ya gavana wakamchagua Johnson Sakaja wa UDA, chama cha Ruto, kura 699,392, dhidi ya Polycarp Igathe wa Jubilee, 573,516. Ni kipimo gani kimoja cha kabila, au hata cha chama, kitakachokupa majibu hayo manne? Kuna maelfu ya watu walioshuka karatasi baada ya karatasi wakibadilisha upande. Hao ndio mchezo wako. Wape jina lao kwenye faili, "wanaochanganya", na uamue ni wangapi katika kila eneobunge kati ya yale 17.

Kuhusu mitambo: gavana hana viti vya kukusanya. Katiba inasema mwenye kura nyingi zaidi ndiye gavana, bila kudaiwa zaidi ya asilimia 50 wala robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti kama kwa rais. Kwa hiyo zima kabisa hesabu ya viti na uache maeneobunge 17 yawe vyombo vya kujumlishia kura tu. Ni kosa la kawaida kwa wanaotoka kwenye senario za Kanada: mgombea anashinda maeneo 9 kati ya 17 na mchezo unamtangaza gavana ilhali ana kura chache. Embakasi Mashariki yenye wapiga kura tele na eneobunge lenye wapiga kura wachache haziwezi kuwa sawa.

Tarehe ya kuanzia? Ningeanza Aprili 2022, kabla Azimio, muungano wa ODM, Jubilee na wengine, hawajamwondoa Tim Wanyonyi wa ODM kwenye kinyang'anyiro ili kumpisha Igathe. Mpe mchezaji wa Azimio uamuzi huo mwenyewe: akimwacha Wanyonyi anamkasirisha Jubilee, akimweka Igathe baadhi ya ngome za ODM zinanuna. Masuala ya kampeni usiyaige kutoka nje. Maji, takataka, hongo wanazotozwa wachuuzi na askari wa kaunti, matatu katikati ya mji, karo ya chekechea. Ukikuta kwenye faili lako suala la bomba la mafuta, umenakili Alberta.

SWALI: Binti yangu Mwalimu, mjukuu wangu ananisomea ukurasa huu. Mnasema majimbo ya Kanada kana kwamba sisi hatukuwahi kupiga kura ya majimbo. Mimi nilikuwapo. Je, huo nao unaweza kuchezwa?
*Mzee wa Pumwani*

JIBU: Shikamoo, Mzee wangu. Unaweza, na natamani sana uchezwe. Vijana wengi wanadhani mikoa yetu ilikuwa siku zote ya kuteuliwa mkuu wa mkoa kutoka juu. Mei 1963, kati ya tarehe 18 na 26, wananchi walipiga kura kwa awamu: mabunge ya majimbo, Seneti, na Baraza la Wawakilishi. KANU ya Jomo Kenyatta ilitaka serikali moja yenye nguvu. KADU ya Ronald Ngala ilitaka majimbo yenye mamlaka. KANU ikachukua serikali ya kitaifa, lakini KADU ikashika mabunge ya Bonde la Ufa, Pwani na Magharibi, na Daniel arap Moi akawa rais wa jimbo la Bonde la Ufa.

Kwa mtengenezaji, mtihani uko katika hizo kura tatu. Kampeni moja inalisha zote, ila hela ni zilezile. Mchezaji wa KADU anaamua: anazichoma kutafuta serikali ambayo huenda asiipate, au anajenga ngome zake tatu na kuzilinda? Ukambani kuna Paul Ngei na chama chake cha APP, ambaye anaikata KANU kura kisha baada ya uchaguzi anarudi nyumbani, kwa hiyo awepo kama chama cha tatu kinachoweza kuungana na yeyote. Kaskazini Mashariki ilisusia. Usiijaze namba za kubuni, iache bila wagombea.

Swali gumu ni mchezo unaishia wapi. Ukiishia siku ya matokeo, KADU imeshinda majimbo matatu na mchezaji anashangilia. Lakini majimbo yale yalinyimwa pesa na mamlaka kidogo kidogo, Novemba 1964 KADU ikajivunja, na Desemba 12 mwaka huo tukawa jamhuri bila majimbo. Mimi ningeongeza sehemu ya pili ya miezi 18, ambapo mwenye KADU anajaribu kuwazuia wabunge wake wasihamie KANU mmoja mmoja. Itakuwa kazi ya jasho, na wengi watashindwa, lakini angalau watashindwa kwa mikono yao.

Nairobi, Mzee, haikuwa na bunge la jimbo. Eneo letu lilisimamiwa peke yake, kwa hiyo kwenye ramani lipake kijivu upande wa majimbo na uliwashe kwenye kura za kitaifa pekee. Wewe uliyekuwapo unaweza kutusaidia kwa jambo ambalo jedwali halina: mikutano ilikuwa inafanyika viwanja gani, nani alikuwa anabeba vipaza sauti, foleni ilianza saa ngapi. Mwambie mjukuu ayaandike kwenye daftari alilete Jumamosi saa nne asubuhi. Tutamtengea kompyuta moja.